Hivi huyu Muingereza ana nchi ngapi hasa? Na vile visiwa vya mbali kaving'ang'ania vya nini?

#1 Mpiga Zogo
Wakuu salaam. Kuna kitu kinanitatiza siku nyingi, naomba tujadili bila matusi. Kombe la Dunia 2022 kule Qatar, England kamfunga Wales tatu bila. Hao wote pasipoti yao moja, mfalme wao mmoja, jeshi lao moja, wote wanatuma wabunge London. Sasa Zanzibar mwaka 2017 CAF waliipa uanachama mwezi wa tatu, mwezi wa saba wakaunyofoa, eti nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Hawa wana vinne na hakuna anayewauliza!

Halafu bado hujagusa yale mabaki ya ukoloni. Yako 14. Falkland iko kule chini karibu na barafu, Pitcairn iko katikati ya Pasifiki na watu wake wote unawapakia kwenye Coaster mbili wakaenea. Miaka ya 60 kila mtu alishushiwa bendera, hivi vilibaki kwa nini? Mimi nasema wamevibakisha kwa ajili ya kuficha hela tu, Cayman na wenzake, basi. Anayepinga aje na hoja.

#2 Mlevi wa Chai
Nimeshakaa siti ya mbele na kashata zangu. Endeleeni.

#3 Mwanasheria Uchwara
Mleta uzi umechanganya makundi matatu kwenye sufuria moja ndo maana inakusumbua.

Kundi la kwanza ndo dola yenyewe, England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Hawakuja siku moja. Wales ilimezwa na England kwa sheria za Henry VIII miaka ya 1536 na 1542, haikuulizwa mtu. Scotland ilikuwa na bunge lake, ikaungana na England 1707. Ireland ikaingizwa 1801, halafu 1922 sehemu kubwa ikajitoa ikawa nchi yake, zikabaki zile kaunti sita za kaskazini. Kundi la pili ni Jersey, Guernsey na Isle of Man, hivi HAVIMO ndani ya dola ya Uingereza kabisa, ni mali ya taji la mfalme, vina mabunge yao na kodi zao, London inavisimamia ulinzi na mambo ya nje. Kundi la tatu ndo hayo 14 ya mbali. Kila kundi na sheria yake, usipotenganisha hutoelewa kitu.

#4 Kinjekitile Mdogo
Kwenye mpira jibu ni fupi. Scotland na England walicheza mechi ya kwanza ya kimataifa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, ikaisha bila bila. FIFA imeanzishwa 1904. Sasa mtoto atamuuliza baba yake kwa nini una nyumba nne? Mpaka leo kile chombo kinachotunga sheria za mpira, hao wanne kila mmoja ana kura yake na FIFA nzima iliyobaki ina kura nne. Wamejipangia wenyewe.

#5 Bi Forodhani
Kinjekitile hiyo hoja ya "walitangulia" ingekuwa na maana kama Gibraltar isingekuwepo. Gibraltar ni jiwe kule kusini mwa Hispania, halifiki hata kilomita za mraba 7, ni eneo la ng'ambo la Uingereza, wala sio dola. Wameingia UEFA 2013, wakafungua kesi mahakama ya michezo, FIFA ikawapokea 2016. Hao nao walicheza 1872? Zanzibar ina ligi yake, ina timu yake ya taifa, Challenge tulichukua 1995. Semeni ukweli, mwenye nguvu anapewa na mnyonge anasomewa kanuni.

#6 Kinjekitile Mdogo
Dada yangu Gibraltar waliombea kabla UEFA haijakaza kanuni ya nchi kutambuliwa na Umoja wa Mataifa, ndo iliyowabeba kwenye kesi. Sio nguvu.

#7 Bi Forodhani
Na wakili wa kukaa nayo mahakamani miaka yote hiyo walimlipa kwa kanuni?

#8 Mlevi wa Chai
😂😂 Ngoma droo.

#9 Glasgow255
Salaam wakuu, mimi niko huku Scotland kwa hiyo acheni niwape ya mtaani. Ukimwita Mskoti "Muingereza" anakurekebisha hapohapo hata kama ndo mmeonana mara ya kwanza. Na tofauti unaiona kwenye vitu vidogo. Mimi nikiandikiwa dawa na daktari nachukua bure, rafiki yangu yuko Manchester kila karatasi ya dawa analipa karibu pauni 10. Wales bure, Ireland Kaskazini bure, England peke yao wanalipa. Chuo mtoto wa hapa halipi ada, England wanalipa zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. Serikali ya hapa ina bunge lake toka 1999.

Sasa kituko ni noti. Huku benki tatu za biashara zinachapa noti zao za pauni. Nilishuka London na ishirini ya huku, nikaingia duka la kona kununua kadi ya simu, yule bwana akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza mbele nyuma, akainyanyua kwenye taa, akamwita mwenzie, mwenzie nae akaisoma kama barua ya posa. Mwisho akanirudishia akasema "nyingine huna?" Pauni ileile! Nilichemka lakini nikatoa kadi ya benki yakaisha.

#10 Mvita001
Glasgow255 wewe una afadhali. Binamu yangu yuko Jersey anafanya kazi ya hoteli, wako wakenya wengi huko siku hizi. Wao wana mpaka noti ya pauni moja ya karatasi, England zimetoka zamani zikawa sarafu. Alivuka na meli mpaka Portsmouth na bunda la Jersey mfukoni, hakuna duka lilimpokea hata moja, ilibidi atafute benki. Akaniambia ndugu yangu huku mfalme huyohuyo lakini pesa yake haivuki bahari.

#11 Mpiga Zogo
Kwa hiyo Jersey sio nchi, sio jimbo, sio koloni. Ni nini sasa??

#12 Mwanasheria Uchwara
Ni kipande cha iliyokuwa Dola ya Normandy. William wa Normandy alipoitwaa England 1066 visiwa vilikuwa upande wake yeye, kwa hiyo wajersey wanakutania kwamba wao ndo walioitawala England, sio kinyume chake. Mfalme John alipoipoteza Normandy 1204, visiwa vikabaki na taji. Mpaka leo kwenye sherehe wanamnyanyulia glasi mfalme kama "Duke wetu". Ni masalia ya miaka 800 ambayo hakuna aliyepata sababu ya kuyafuta.

#13 Babu Kidevu
Na bendera wakuu mmeisahau. Ile Union Jack ina misalaba mitatu, England, Scotland na Wales.

#14 Glasgow255
Hapana mzee wangu shikamoo, wa tatu ni wa Ireland. Wales haimo kabisa, kwa sababu ilikuwa imeshahesabiwa ndani ya England wakati bendera inashonwa. Lile joka lao jekundu limebaki nje.

#15 Babu Kidevu
Marahaba. Basi joka wamelionea.

#16 Kinjekitile Mdogo
Mimi kinachonivutia hapa ni England yenyewe. Scotland ina bunge, Wales ina bunge, Ireland Kaskazini ina bunge kule Belfast. England haina! Watu karibu 84 katika kila 100 wa dola nzima wako England na hawana serikali yao, mambo yao yanaamuliwa na bunge la wote. Kuna mbunge wa Scotland, Tam Dalyell, aliuliza 1977, iweje mimi nipige kura kuhusu shule za England wakati mbunge wa England hatoweza kupiga kura kuhusu shule za kwangu? Hawajapata jibu. 2015 waliweka utaratibu wa wabunge wa England kupiga kura peke yao kwa mambo ya England, 2021 wakaufuta.

Sasa niambieni hii habari mmeisikia wapi. 👀

#17 Bi Forodhani
Hahaaa Tanganyika hiyo! Yule mkubwa aliyevaa koti la Muungano.

#18 Mzalendo Halisi_TZ
Nilijua tu mtatufikisha hapa. Sio sawa hata kidogo. Tanganyika na Zanzibar zilikuwa nchi mbili huru zikakubaliana 1964. England haikukubaliana na Wales, iliimeza. Msilinganishe.

#19 Bi Forodhani
Na Scotland 1707 je? Zilikuwa dola mbili na mabunge mawili. Tena Scotland 2014 waliulizwa kwa kura kama wanataka kuondoka, 55 wakasema hapana, 45 wakasema ndiyo, watu walijitokeza asilimia 84 na ushee, kesho yake wakaenda kazini. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilipotaja serikali tatu tu, sio kuondoka, TATU TU, kilitokea nini? Usinijibu, najua.

#20 Mzalendo Halisi_TZ
Na wao wakiomba mara ya pili wanakataliwa, mahakama ya juu kule London 2022 ilisema bunge la Scotland haliwezi kuitisha kura hiyo lenyewe. Kwa hiyo usiwapambe sana.

#21 Glasgow255
Hilo la 2022 ni kweli kabisa. Na kilichowakera watu wa huku ni Brexit, ile ya kujitoa Umoja wa Ulaya, 2016 Scotland asilimia 62 walitaka kubaki Ulaya wakatolewa kwa kura za wenzao.

#22 Mlevi wa Chai
Ireland Kaskazini nao si walitaka kubaki?

#23 Mwanasheria Uchwara
Karibu asilimia 56. Na wao ndo wamepata kizaazaa kikubwa, sababu wana mpaka wa nchi kavu na Ireland ambayo imo Ulaya, na tangu makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu 1998 hakuna anayetaka kuuweka tena huo mpaka na askari. Basi ukaguzi wa bidhaa wakauhamishia baharini, yaani mzigo ukitoka Liverpool kwenda Belfast, ndani ya dola moja, kuna mzigo unakaguliwa na kujazwa makaratasi. Chama kimoja kikubwa cha wanaotaka kubaki na London kikasusa, serikali ya Belfast ikalala toka Februari 2022 hadi Februari 2024, miaka miwili bila waziri kiongozi.

#24 Bi Forodhani
Mzigo unakaguliwa baharini ndani ya nchi moja. Nunua tivii Darajani, panda nayo boti, ukifika Dar utanisimulia.

#25 Mpiga Zogo
Wakuu Muungano una nyuzi zake humu, nawaomba turudi kwenye visiwa. Hoja yangu ya hela hakuna aliyeigusa. Virgin Islands za Uingereza watu hawafiki 40,000 lakini makampuni yaliyosajiliwa ni mamia ya maelfu. Zile nyaraka za siri za makampuni zilizovuja Panama 2016 jina hilo lilijaa. Mwizi wa nchi yako anaficha huko na nyumba ananunua London. Nani atatoa uhuru kwa kuku wa mayai ya dhahabu?

#26 Jirani wa Nanyuki
Boss hiyo inaingia kwa Cayman, hizo Virgin Islands na Bermuda. Sasa St Helena, kile kisiwa cha Atlantiki ya kusini, kuna pesa gani? Montserrat kule Karibiani volkano iliamka 1995, kufikia 1997 mji mkuu Plymouth umefunikwa na majivu, theluthi mbili ya watu wakahama, na mpaka leo kwa makaratasi Plymouth bado ndo mji mkuu, hakuna mtu hata mmoja. London inalipa kuwabeba. Hiyo ni hasara si biashara. Angalia jeshi. Gibraltar inafunga mlango wa Mediterania. Cyprus ilipata uhuru 1960 lakini Muingereza akakata vipande viwili, Akrotiri na Dhekelia, asilimia 3 ya kisiwa, viko nae hadi leo na mle ndani wanatumia euro. Ascension ndo palikuwa kituo cha ndege vita ya Falkland na Argentina 1982. Halafu Diego Garcia. Ukizichora kwa ramani utaona ni kambi zimepangwa njiani.

#27 Kapteni Mstaafu
Umeitaja Diego Garcia, ngoja niseme maana ni kisiwa kimoja cha Chagos na hilo la Chagos liko kwenye bahari yetu hii hii. 1965 Mauritius wanajadiliana uhuru London, wakaambiwa visiwa vya Chagos tunavibakiza, chukueni pauni milioni 3. Uhuru wakapata 1968. Kati ya 1968 na 1973 wakazi wote wakaondolewa ili Mmarekani ajenge kambi. Watu ambao babu zao waliletwa watumwa toka Msumbiji na Madagaska kufanya kazi ya mbata. Kwanza walikata meli za chakula, halafu wakaua mbwa wao kwa moshi wa magari ndani ya banda lilelile la kukaushia nazi, halafu wakawapakia melini.

Nilipokuwa baharini tulikuwa tunatia nanga Port Louis, kuna mzee mmoja alikuwa anauza samaki wa kukaanga nje ya geti la bandari, mzaliwa wa Peros Banhos huko huko Chagos. Ukimuuliza wa wapi hasemi Mauritius. Anachukua kijiti cha mshikaki anachora chini kile kisiwa chao, anakuonyesha kanisa lilikuwa hapa, gati hapa, kwetu hapa. Wateja wanangoja samaki wanaungua, yeye anachora. Akimaliza anafuta kwa kandambili anaendelea na kazi.

#28 Ngazija Kwetu
Mungu awalipe. Na sisi Komoro tuna Maore (Mayotte), Mfaransa alihesabu kura ya uhuru ya 1974 kisiwa kwa kisiwa ilipomfaa, 2011 akaifanya mkoa wa Ufaransa kabisa.

#29 Mpiga Zogo
Chagos si wamesharudishiwa Mauritius?

#30 Mwanasheria Uchwara
Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni Februari 2019 kwamba Chagos kukatwa Mauritius hakukuwa halali. Mwezi wa tano Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nchi 116 zikaunga mkono, 6 zikapinga. Tarehe 22 Mei 2025 mkataba ukatiwa saini, Mauritius anapata umiliki, Muingereza anaikodi Diego Garcia miaka 99 kwa wastani wa pauni milioni 101 kwa mwaka. Saini ni kitu kimoja na kuanza kutumika ni kingine, kelele zikawa nyingi London na Washington. Na wenye visiwa vyao wengine wako Crawley karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, kuna wanaolalamika kwamba waliogawana ni serikali mbili, wao hawakukaa mezani.

Nyongeza, lile eneo Muingereza alilolikata 1965 lilichukua na visiwa vitatu vya Seychelles, kimojawapo Aldabra, ile yenye kobe wakubwa. Walitaka kujenga uwanja wa ndege za kivita pale, wakaacha 1967 baada ya wanasayansi kupiga kelele na hela kukosekana. Seychelles ilirudishiwa vyake 1976. Kobe walitetewa, watu wa Diego Garcia hawakupata mtetezi. Nimemaliza.

#31 Ssebo wa Hoima
Na hizo Seychelles si ndio walipeleka wafalme wetu? Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda 1899. Mwanga alikufa huko huko 1903. Kabalega waliachilia 1923, akafia Jinja njiani hajafika nyumbani. Visiwa kwao ilikuwa jela, hiyo muongeze kwa sababu zenu.

#32 Babu Kidevu
Ssebo umenikumbusha, na St Helena mnaisema kama ya Napoleon peke yake. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyeshika kasri la Unguja Agosti 1896 bila ridhaa ya Waingereza, manowari zikalipiga asubuhi ya tarehe 27 na vita ikaisha haijafika saa nzima, alikimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akatoroshewa Dar es Salaam. Akakaa Dar mpaka Waingereza walipoiteka 1916, wakamkamata, wakampeleka Seychelles na St Helena. Baadae akaruhusiwa kurudi, akafia Mombasa 1927. Kabla yake alishawahi kufungwa kule Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Kwa hiyo kile kisiwa kina majina yetu.

#33 Mvita001
Shukran babu. Hiyo shule hatukufundishwa.

#34 Mlevi wa Chai
Na si Zanzibar yenyewe Mjerumani aliibadilisha na kisiwa chao kule Ulaya, Heligoland?

#35 Babu Kidevu
Kijana, Mjerumani hakuwa na Zanzibar ya kubadilisha. 1890 alikubali tu kwamba Muingereza aifanye Zanzibar nchi lindwa, akaacha na madai yake Witu pwani ya Kenya, akapewa Heligoland. Mwenye Zanzibar alikuwa Sultani.

#36 Kinjekitile Mdogo
Mnasahau kwamba wengine wamekataa uhuru wenyewe. Bermuda walipiga kura 1995, karibu robo tatu wakasema hatutaki. Gibraltar 2002 waliulizwa kama London na Hispania wagawane madaraka, asilimia 98 na zaidi wakakataa. Falkland 2013 waliulizwa kama wabaki chini ya Uingereza, kura za hapana zilikuwa TATU visiwa vizima. Na kali kuliko zote Anguilla, waliwekwa pamoja na St Kitts, 1967 wakawafukuza polisi wa St Kitts, wakasema heri Muingereza. 1969 Muingereza akapeleka askari wa miavuli na mapolisi wa London wakateremka ufukweni tayari kwa vita, wakapokelewa na waandishi wa habari na mbuzi. Hakuna risasi. Watu wale waliasi ili WABAKI.

#37 Jirani wa Nanyuki
Falkland ni watu kama 3,500 wametokea huko huko Uingereza, watapiga kura gani ingine? Diego Garcia wenyeji walipigiwa kura lini? Kura inaitishwa pale jibu linajulikana.

#38 Kapteni Mstaafu
Mimi kama baharia nawaambia muangalie maji, mnaangalia sana ardhi. Falkland wanaishi kwa leseni za kuvua ngisi. Pitcairn ya watu hamsini ina bahari zaidi ya kilomita za mraba 800,000.

#39 Mwanasheria Uchwara
Na mleta uzi, ukisema London inafaidi hela za siri, kumbuka 2018 bunge la London lilipitisha sheria ya kuvilazimisha hivi visiwa vianike wenye makampuni hadharani na visiwa vikaburuza miguu. Turks na Caicos 2009 London iliisimamisha serikali nzima kwa rushwa, gavana akatawala mpaka 2012. Kwa hiyo hata kudhibiti wanaweza wakitaka.

#40 Mpiga Zogo
"Wakitaka." Asante kwa kunisaidia hoja 😂

#41 Mwanasheria Uchwara
Sijakusaidia. Soma tena.

#42 Dogo Janja wa Tandika
Wakuu habari, mimi nimepita kimya nimesoma yote. Mvita001 huyo binamu wa Jersey, hoteli bado wanachukua watu? Nina cheti cha upishi na uzoefu.

#43 Mvita001
Kibali unaombewa na mwajiri, bila hoteli yenyewe kukuandikia hakuna kitu. Na jihadhari na madalali wanaoomba pesa kabla.

#44 Glasgow255
Na ukifika usije kutuletea zile noti za karatasi.

#45 Dogo Janja wa Tandika
Kaka noti nitazibadilisha mwenyewe, nifike kwanza. Nakuja PM.